Vyombo vya Kuhani kwenye Dinari ya Caesar

Mwaka 49 KK Julius Caesar alivuka mto Rubicon na jeshi lake, na Seneti ya Roma ikamhesabu kuwa adui wa dola. Katika vita vilivyofuata alitoa dinari za fedha zenye tembo akikanyaga kitu mfano wa nyoka, na jina CAESAR chini yake. Wengi huishia kwa tembo. Uzito uko upande wa pili, penye kata ya kumiminia divai ya sadaka, kinyunyizio, shoka la kuchinjia na kofia ya kuhani. Cheo chake cha ugavana hakimo, kwani hicho ndicho wapinzani wake walichotaka kumvua. Lakini ukuhani mkuu, alioupata kwa kura mwaka 63 KK, ulikuwa wa maisha. Askari aliyelipwa dinari hiyo alishika mkononi dai zito: huyu unayempigania si mwasi, ndiye msimamizi halali wa ibada za Roma.

Watasema wengine kwamba hiyo ilikuwa siasa tupu iliyovishwa joho la dini. Siafiki. Brutus na Cassius, waliomuua Caesar mwaka 44 KK, nao walichora vyombo vya ibada kwenye dinari zao. Marcus Antonius akachora fimbo iliyopinda ya makuhani waliosoma mapenzi ya miungu kwa ndege. Octavian, mrithi wa Caesar aliyekuja kuitwa Augustus, akajiandika mwana wa mungu. Watu hawauani kwa kugombea pambo. Huko Roma jemadari hakuingia vitani kabla ya kuuliza ridhaa ya miungu, kwa hiyo aliyekuwa na haki ya kuiuliza alikuwa na mamlaka ya kweli, na mamlaka hayo ndiyo yaliyogongwa kwenye fedha.

Swali gumu zaidi ni kama kuna aliyezitazama picha hizo, maana mwenye njaa huangalia thamani ya sarafu kuliko sura yake. Ila mwandishi Suetonius aliona inafaa kueleza kwa nini Augustus alitoa sarafu ya fedha yenye nyota ya Mbuzi, na mwanahistoria Cassius Dio, zaidi ya miaka 200 baadaye, aliandika habari za dinari ya Brutus yenye majambia mawili na kofia ya uhuru. Hata katika Injili, Yesu anapouliza sanamu iliyo kwenye dinari ni ya nani, walioulizwa wanajibu papo hapo. Wasiojua kusoma walikuwa wengi, na ndiyo sababu kata na shoka vilichorwa: kila aliyewahi kuhudhuria sadaka alivitambua bila herufi hata moja.