Mezali za wazee wa Warega na namna ubongo unavyofahamu

Katika inchi ya Warega, pande za Kama na Pangi katika Maniema, kulikuwa desturi moja inayostahili kufikiriwa na kila mwalimu. Muzee alikuwa na kamba iliyoitwa mutanga. Katika kamba hiyo vilifungwa vitu vidogo-vidogo: vipande vya miti, mifupa, maganda ya konokono, mbegu. Kila kitu kilikuwa na mezali yake. Muzee alishika kimoja, akasema mezali yake, kisha akashika kingine. Mugeni aliona takataka zilizofungwa pamoja. Mwenyeji aliona sheria na mashauri ya wakubwa wake.

Basi tunauliza: maana ya mezali ilikuwa wapi? Katika kitu, katika neno, ao katika mukono ulioonyesha?

Chama cha bwami kilifundisha kwa njia ileile. Wanaume walipanda daraja kwa daraja mpaka ile ya juu, inayoitwa kindi, na wake zao walikuwa na daraja zao. Mafundisho yalitolewa kwa wimbo, kwa ngoma, kwa mezali na kwa vitu, vyote pamoja. Daniel Biebuyck, mutaalamu Mubelgiji aliyefika kwa Warega, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1973 kwamba sanamu moja iliweza kuwa na maana nyingi, kwa kufuata mezali iliyoimbwa na namna ilivyochezeshwa. Sanamu inayoitwa Sakimatwematwe ina vichwa vingi. Ilifundisha kwamba mutu wa hekima anatazama jambo pande zote. Lakini vichwa vile havikusema vyenyewe. Alihitajiwa mutu wa kusema na kutenda.

Sasa tutazame yale ambayo waganga wa Ulaya na Marekani walivumbua juu ya ubongo. Mwaka 1861, kule Paris, muganga Paul Broca alitunza mugonjwa aliyeweza kusema karibu neno moja tu, «tan». Alipokufa, Broca aliona kidonda katika ubongo wake, upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Carl Wernicke alieleza habari za wagonjwa wengine: hawa walisema maneno mengi, lakini hawakufahamu vizuri walivyoambiwa. Kwao kidonda kilikuwa nyuma zaidi. Kwa hiyo wengi walizani kwamba ubongo ni kama nyumba yenye chumba cha kusema na chumba cha kufahamu, na mulango kati yao.

Nyumba hiyo ilionekana baadaye kuwa na milango mingi kuliko walivyozani. Mwaka 1980, katika Marekani, Marta Kutas na Steven Hillyard walipima nguvu ndogo za umeme katika vichwa vya watu waliokuwa wanasoma. Kama neno la mwisho halikupatana na mengine, kama vile tungesema «mama anapika sombe katika kiatu», wimbi fulani lilipanda. Kilele chake kilifika kisipopita hata nusu ya sekunde: karibu sehemu 400 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Wengine wakajaribu kwa picha na kwa sinema: walionyesha mutu anayefanya kazi kwa chombo kisichofaa. Hapakuwa neno lolote, lakini wimbi linalofanana na lile likapanda. Ni kusema, ubongo unatafuta maana katika tendo karibu kama unavyoitafuta katika neno.

Tena mwaka 1992, kule Parma katika Italia, Giacomo Rizzolatti na wenzake walitangaza habari za chembe fulani katika ubongo wa nyani. Chembe hizo ziliamka nyani aliposhika kitu, na ziliamka vilevile alipoona mutu anakishika. Mwaka 2004 wataalamu wa Cambridge waliona kwamba mutu akisoma neno la tendo la muguu, la mukono ao la uso, sehemu za ubongo zinazoongoza viungo hivyo, ao zilizo karibu nazo, zinaamka.

Lakini tusiruke mupaka. Wataalamu wangali wanabishana juu ya mambo haya. Kuna wagonjwa wasioweza kutenda kazi fulani, lakini wanafahamu neno lake. Basi mwili unasaidia kufahamu. Hatuwezi kusema kwamba mwili peke yake ndio unaofahamu. Wala tusiseme kwamba wazee wa Warega walijua habari za chembe za ubongo. Walitaka kufanya watu wenye moyo mwema, si kupima vichwa. Walijua tu kwamba mafundisho yanashika vema yakipita katika sikio, jicho na mukono kwa pamoja.

Ndiyo sababu hasara yao ilikuwa kubwa. Mwaka 1948 serkali ya wakoloni ilikataza bwami kwa sheria. Sanamu nyingi zilinunuliwa ao kuchukuliwa; leo ziko katika nyumba za vitu vya kale huko Ulaya, kama ile ya Tervuren. Pale zinatazamwa katika sanduku la kioo, bila wimbo, bila ngoma, bila mezali. Umbo limehifaziwa, na maana imebaki katika vichwa vya wazee wanaozidi kupunguka.

Sisi tunaofundisha tunalijua jambo hili kwa njia yetu: maji bila maneno si ubatizo, wala maneno bila maji. Lakini mara ngapi tunawafundisha watoto majibu ya katekisimu kama kasuku, mikono yao imefungwa? Mwalimu aonyeshe, mutoto atende, kisha aseme kwa maneno yake mwenyewe.

Tena kila katekista aliye karibu na wazee wa Kama awaombe mezali wanazokubali kutoa wazi, maana mengine ni siri ya chama na tuyaheshimu. Asiandike maneno tu. Aandike pia muzee alishika kitu gani, mukono wake ulifanya nini, na ilikuwa shauri gani. Mezali iliyoandikwa bila hayo ni kama sanamu ile katika kioo.