Dala, machinga na lile neno la kwetu Mpanda

Najua nimewatelekeza siku nyingi, testi zilinibana mbaya, ila nipo.

Juzi nilimpigia mama simu, yuko nyumbani Mpanda. Katika stori nikamwambia jamaa wa chumba cha jirani kadisko. Mama kanyamaza kidogo, halafu: "Sasa mwanangu, si mumwache acheze, ni kijana huyo!" Nilicheka mpaka basi. Ikabidi nimweleze kwamba huku chuo kudisko ni kufukuzwa masomo, watu wamelikata neno la Kiingereza discontinue. Neno la kuchezea muziki limegeuka la kilio.

Ndo nikaanza kuwaza, haya maneno yetu ya kitaa yanatokaga wapi?

Chukua daladala. Kabla halijawa basi, dala ilikuwa sarafu ya shilingi tano. Na hilo lenyewe ni la Waingereza: enzi zile pauni moja ilikuwa karibu sawa na dola nne, na pauni ina shilingi 20, kwa hiyo shilingi tano mtaani kwao wakaziita dola. Sisi tukalirithi. Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa Dar, maana UDA ilikuwa imezidiwa, nauli ikawa shilingi tano. Dala, dala, jina likaganda. Leo hiyo shilingi tano hupati nayo hata pipi, na nani akipanda daladala anaifikiria? Sarafu imekufa, neno linadunda.

Machinga nalo. Machinga ni jina la mahali na watu wa Lindi, kusini kule. Vijana wa kusini walikuja Dar kutafuta maisha, wakawa wanatembeza bidhaa mkononi, na watu wa mjini wakawaita kwa kwao. Mwanzoni lilikuwa la dharau kabisa. Sasa hivi hata serikali inasema wamachinga, na Ilala kuna jengo kubwa linaitwa Machinga Complex. Nenda soko la Mpanda: Mfipa anauza soksi, Msukuma anauza chaja, wote machinga na Lindi hawajawahi kuiona.

Kwa hiyo nikajiambia, kumbe maneno ya mtaani yanasahau. Yanaanza na kitu au na kabila, mwisho yanabaki na kazi tu.

Halafu nikakumbuka moja ambalo halisahau. Mkimbizi.

Waliosoma Mpanda mnaelewa. Katumba ilifunguliwa mwaka 1973 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, Mishamo ikafuata 1978. Walipewa mashamba, wakalima, mahindi yao tumekula sana. Mwaka 2010 watu kama 162,000 wa makazi yale, pamoja na Ulyankulu ya Tabora, wakakubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa mwishoni mwa 2014. Ni Watanzania kama mimi na wewe.

Sasa sekondari tulikuwa na mwenzetu wa Katumba, winga hatari. Kazaliwa Katumba, mama yake naye kazaliwa hapohapo. Akipata mpira tu, uwanja mzima: "Mkimbizi! Mkimbizi!" Na mimi nilikuwa napiga kelele, tena mstari wa mbele. Tulisema ni utani, si anakimbia sana? Yeye alikuwa anacheka. Nadhani alikuwa anacheka.

Cha ajabu ni kwamba mimi mwenyewe pale ni wa kuja. Wenyeji wa kule ni Wabende, Wakonongo, Wapimbwe. Mji ulikua kwa mgodi wa risasi na reli iliyotoka Kaliua kuja kuyabeba hayo madini. Babu alitoka Ufipani kufuata kazi mgodini. Mgodi ukafungwa 1960, yeye akabaki, akaoa, akajenga. Hakuna aliyemwita jina. Sisi tukawa watu wa Mpanda kimyakimya, hata mkoa wa Katavi ulipozaliwa 2012 tukasema mkoa wetu.

Kwa hiyo dala limesahau sarafu, machinga limesahau Lindi, babu kasahauliwa Ufipa yake. Jamaa yangu tu ndo alikataliwa kusahauliwa, na waliomkatalia ni sisi.

Jumapili nilitafuta namba yake, nikamwandikia ujumbe mrefu wa samahani. Alijibu baada ya saa nzima: "Poa mzee."

Nalo ni la kitaa hilo. Linatokana na kupoa, kitu kilikuwa cha moto sasa kimepoa. Nimelisoma mara nyingi, sina hakika kama kwake kimepoa kweli. Nikienda likizo nitashuka Katumba nimuone.

Haya, nawasilisha. Alhamisi kuna testi nyingine, niombeeni nisije nikaenda kucheza muziki na mimi.