Maniema: Miji ilitekwa, mfungo wa Ramazani ukabaki

Uislamu uliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa Unguja na pwani, waliotafuta pembe za ndovu na watumwa. Walikaa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, na Kasongo, makao ya Tippu Tip. Wakaaji waliofuata dini na desturi zao waliitwa waungwana.

Mwaka 1893 majeshi ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, yaliteka miji yote miwili. Wakubwa wa biashara walishindwa, lakini mfungo haukuondoka nao. Waislamu wa Maniema wanafunga hadi leo.

Matayarisho yake hayangoji nyumba kubwa. Mwezi wa Shaabani ni wa kulipa siku ulizokula mwaka jana, kupatana na uliyegombana naye, na kuweka unga kidogo wa futari. Kwa wahami, Kurani katika sura ya pili inamruhusu mgonjwa na msafiri kula, kisha alipe siku hizo baadaye. Nia nayo hukaa moyoni, na aliyekimbia vita huondoka nayo.