Mpini Ndio Mwenye Shoka

Wasee, leo nina ubishi kidogo. Muulize mtu yeyote hapa Nakuru shoka ni nini, atakuonyesha kile chuma. Mpini kwake ni kijiti tu. Ukivunjika anaenda kwa fundi, anawekewa mwingine, maisha yanaendelea. Lakini kwa maelfu ya miaka hapa Bonde la Ufa mambo yalikuwa kinyume: kilichotupwa ni makali, kilichotunzwa ni mpini.

Tuanzie Kariandusi, pale kando ya barabara kuu, Gilgil ukielekea Nakuru. Louis Leakey na wenzake walipagundua mwaka 1928. Ukiingia utaona mashoka ya mkono yamelala chini kwa wingi, mengine ya mawe ya volkano, mengine ya obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo cha chupa. Yana karibu miaka milioni moja. Na hakuna hata moja lenye mpini. Ulilishika hivyo hivyo kwa kiganja, na kila pigo likakurudia kwenye vidole.

Kwa hiyo aliyeweka jiwe kwenye mti kwa mara ya kwanza hakuwa anacheza. Alichukua vitu vitatu ambavyo havijuani, yaani mti, jiwe na utomvu wa kugundisha, akaviona kichwani vikiwa kitu kimoja kabla havijawa. Mkono wake ukawa mrefu ghafla. Sisi tunasifu gurudumu kila siku, mpini hata siku moja hatuutaji. Kwani ulitukosea nini?

Baadaye, kwenye sehemu kama Gamble's Cave karibu na Elementaita, watu wakawa wanachonga vipande vidogo sana vya obsidiani, vingine si vikubwa kuliko ukucha. Mawe yenyewe yalipatikana huko Mlima Eburru na pande za Naivasha. Kipande hicho huwezi kukitumia peke yake vizuri, kinapachikwa kwenye mti au mfupa. Kikivunjika, unakibandua na kupachika kingine. Kwa mtu aliyezoea, kuchonga kipande kipya ni kazi ya muda mfupi. Mpini ndio wenye kazi: utafute mti, uukauke, uuchonge, upike gundi. Sasa niambie, hapo mali ni ipi?

Shida ni kwamba mti unaoza na jiwe halioza. Ndiyo maana makumbusho yetu yamejaa mawe, na tunamaliza shule tukidhani wazee wetu walikuwa watu wa mawe tu. Angalia Njoro River Cave, hapo Njoro. Mwaka 1938 Louis na Mary Leakey walichimba wakakuta mabaki ya watu kama 80 waliochomwa walipozikwa, karibu miaka 3,000 iliyopita. Walikuwa na shanga na bakuli za mawe. Lakini kulikuwa pia na kibuyu, na chombo cha mti kilichochongwa kwa nakshi. Unajua kwa nini vilibaki? Kwa sababu viligeuka makaa. Moto wa mazishi ndio uliotuhifadhia kazi ya seremala. Vingine vyote ambavyo havikuungua vimekwenda.

Chuma kilipofika, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, hesabu ikabadilika. Sasa makali ndiyo ghali. Hata hivyo shoka la kienyeji bado liliheshimu mti: chuma kina mkia mwembamba unaopenya kwenye kichwa kinene cha mpini, na kila ukipiga kinazidi kukaza. Halafu reli ikafika Nakuru mwaka 1900, treni zikawa zinakula kuni, na mashoka ya kiwandani yenye tundu yakaenea. Hapo chuma ndicho kinachomshika mti. Mpini ukawa spea.

Na kama spea, tunaubadilisha ovyo. Watu wengi hutupa shoka motoni ili kipande kilichobaki ndani kiungue. Usifanye hivyo, moto unaondoa ugumu wa chuma na makali yanakuwa laini. Kitoboe au kigonge kitoke. Chagua mti mkavu ambao nyuzi zake zinakwenda sawa na urefu wa mpini. Zikikata upande, utavunjika palepale. Pasua kidogo juu, ingiza, kisha gonga kabari. Na ile tabia ya kuloweka shoka kwenye ndoo ili mpini uvimbe? Ukikauka unalegea zaidi ya mwanzo, na shoka lililochomoka halichagui nani limpige.

Mti gani sasa? Hapa ndipo panauma. Mwenye kujua msitu atakuambia mutamaiyo, ule mzeituni wa mwituni, au ule Wakalenjin wanaita kuriot, mgumu na wenye kunyumbuka. Lakini mipini mingi inayouzwa leo ni mkaratusi tu, kwa sababu ndio uliopo. Waogiek wa Mau, watu wa mizinga ya magogo ambao shoka kwao ni kama simu kwako, wamekuwa wakifukuzwa msituni kwa miongo mingi. Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilivunja haki zao, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Watu huzungumzia ardhi, na ni sawa. Mimi nafikiria pia yule mzee anayegusa gome na kusema huu utakaa miaka kumi, huu utavunjika wiki ijayo. Hiyo haichimbuliwi na mtu yeyote baadaye, na makumbusho haitaikuta.

Ukipita Hyrax Hill wikendi hii, angalia mawe yale kwenye kabati, halafu muulize anayekuongoza mti wake ulikuwa upi.