Nywele za Binti Maskini: Chesterton, Mwanamke na Nyumba

Mwaka 1910 mwandishi wa magazeti wa Uingereza, Gilbert Keith Chesterton, alitoa kitabu juu ya maovu ya jamii ya wakati wake. Kitabu hicho kinamalizikia kwenye jambo linaloonekana dogo: agizo la madaktari kwamba wasichana wa familia maskini wakatwe nywele kwa sababu ya chawa. Chesterton alikasirika. Nani angethubutu kuwaagiza hivyo mabinti wa matajiri? Kisha akajenga hoja yake. Ikiwa nywele za mtoto zastahili usafi, nyumba yake na iwe safi. Ili nyumba iwe safi, mama apate nafasi ya kuitunza. Ili mama apate nafasi, mwenye nyumba asiwanyonye wapangaji. Na ili mwenye nyumba asinyonye, mali igawanywe upya.

Katika kitabu hichohicho alipinga wanawake kupiga kura. Aliona kwamba kazi ya kiwandani au ofisini humfunga mtu katika jambo moja, ilhali mama nyumbani hufundisha, hupika, huponya na huamua mambo mengi kwa siku moja. Kwake nyumba ilikuwa uwanja wa uhuru, na serikali mkono wa shuruti. Hakuona heshima yoyote katika kumshirikisha mwanamke shuruti hiyo.

Katika hilo nchi yake haikumfuata. Wanawake wenye umri wa miaka 30 na zaidi, waliotimiza masharti ya mali, walipata kura mwaka 1918. Mwaka 1928 wakawa sawa na wanaume. Hata jamaa yake mwenyewe ilitoa jibu. Shemeji yake, Ada, naye mwandishi wa magazeti, alijivika kama fukara akaishi kati ya wanawake wasio na makao mjini London. Mwaka 1926 alichapisha aliyoyaona, na mwaka 1927 akaanzisha nyumba za malazi kwa ajili yao, zenye jina la marehemu mumewe, Cecil. Mwanamke aliyefanya kazi nje ya nyumba ndiye aliyewapatia wengine nyumba.

Hata hivyo, msingi wa Chesterton haukuanguka pamoja na hoja yake ya kura. Alishikilia kwamba familia hutangulia serikali. Kwa msingi huo alipinga sheria ya mwaka 1913 iliyoruhusu kuwafungia watu waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili. Mwaka 1922, mwaka alioingia Kanisa Katoliki, alichapisha kitabu kizima dhidi ya wale waliotaka kuamua nani anafaa kuzaa. Papa Leo XIII naye, katika waraka *Rerum Novarum* wa mwaka 1891, alikuwa amefundisha kwamba familia ina haki zilizo kabla ya dola, na kwamba ujira sharti umtoshe mfanyakazi kuishi.

Ndugu msomaji, wako wanaopenda kukumbuka nusu ya kwanza ya mafundisho ya Chesterton, ile inayomwambia mwanamke abaki nyumbani, na kuiacha ya pili, inayouliza kodi ya nyumba ni kiasi gani na mshahara watosha siku ngapi. Yeye mwenyewe hakuzitenganisha. Anayemsifu mama wa nyumbani na kumlipa mumewe ujira usiotosha chakula amekwisha kushika mkasi juu ya kichwa cha binti yule.