Mimba changa: Mengi hutendeka kabla mama hajafika kliniki

MWANAMKE wa Mikinduri anayechuma majani chai asubuhi, kuinjika githeri adhuhuri na kuteka maji jioni huenda akamaliza mwezi mzima bila kufahamu kwamba amepata mimba. Uchovu huuhesabu kuwa wa kazi, na kichefuchefu hukisingizia chakula cha jana. Anapotanabahi kwamba damu ya mwezi imekawia, moyo wa mtoto umekaribia kuanza kupiga, ikiwa haujaanza tayari.

Hapo ndipo penye uzito wa suala la mimba changa. Viungo vyote vikuu vya mwili wa mtoto huwekewa msingi katika wiki 10 za kwanza, ilhali akina mama wengi nchini humwona muuguzi kwa mara ya kwanza wakati tumbo limekwisha kuonekana, aghalabu katika mwezi wa nne au wa tano.

Mikinduri ni mji mdogo wa Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya milima ya Nyambene. Upande wa juu kuna baridi, majani chai na miraa. Upande wa chini ardhi huteremka kuelekea Tharaka kwenye joto, mtama na ndengu. Mji huo una hospitali ya kaunti ndogo, na matatizo makubwa hupelekwa Maua au mjini Meru. Kwa mama anayeishi kijiji cha mbali, safari ya kliniki humaanisha nauli ya bodaboda na siku nzima ya kazi iliyopotea. Si ajabu basi akasubiri hadi aone kwamba ana sababu ya kutosha ya kwenda.

Jinsi ya kuhesabu wiki

Wauguzi huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wala si siku mimba ilipotungwa. Sababu ni kwamba siku ya hedhi hukumbukwa, ilhali siku ya kutungwa kwa mimba ni vigumu kuijua. Kwa hesabu hiyo mimba huchukua wiki 40, yaani siku 280, na mimba inayosemekana kuwa na wiki nne huwa imetungwa wiki mbili tu zilizopita.

Kukadiria siku ya kujifungua ni rahisi. Mama huchukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, huongeza siku saba, kisha hurudi nyuma miezi mitatu. Ikiwa hedhi ilianza Machi 10, mtoto hutarajiwa Desemba 17. Ni watoto wachache wanaozaliwa siku hiyo hasa; kuzaliwa kati ya wiki ya 37 na ya 42 hakuna ajabu.

Kwa mama ambaye hedhi yake hubadilikabadilika, au aliyesahau tarehe, picha ya ultrasaundi ndiyo husaidia. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza kila mja mzito apigwe picha hiyo mara moja kabla ya wiki ya 24. Kadiri inavyopigwa mapema ndivyo makadirio ya umri yanavyokuwa sahihi zaidi.

Safari ya mtoto wiki hadi wiki

Yai likikutana na mbegu ya kiume katika mrija wa uzazi, huanza kujigawa huku likisafiri kuelekea kwenye mfuko wa uzazi. Hujibandika kwenye ukuta wa mfuko huo baada ya siku sita hadi kumi hivi. Baadhi ya wanawake huona matone machache ya damu wakati huo na kudhani ni hedhi, jambo ambalo huvuruga hesabu ya wiki.

Katika wiki ya tano, kiinitete, kama kiitwavyo kiumbe katika hatua hii, hakizidi punje ya wimbi. Ndani yake kuna mrija mwembamba utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Mrija huo hujifunga wenyewe kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, yaani karibu na mwisho wa wiki ya sita. Usipojifunga sawasawa, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi, au hata bila sehemu ya ubongo.

Moyo huanza kupiga kati ya wiki ya tano na ya sita, wakati kiinitete kinapokaribia ukubwa wa punje ya ndengu. Wiki ya saba na ya nane, vichipukizi vya mikono na miguu hurefuka na vidole huanza kugawanyika. Mwishoni mwa wiki ya nane kiumbe huwa na urefu wa sentimita moja na nusu hivi, sawa na haragwe.

Kufikia wiki ya 10 huwa na urefu wa sentimita tatu hivi, kama kokwa ya makadamia iliyo ndani ya ganda lake. Moyo, ini, figo, macho na masikio vyote vimepata mahali pake, na kuanzia hapo kiumbe huitwa kijusi. Kazi iliyobaki ni ya kukua na kukomaa.

Wiki ya 12 mtoto hukaribia sentimita sita, ukubwa wa limau dogo. Kucha huanza kuota, na yeye hujinyosha na kurusha miguu. Hata hivyo, mama hawezi kuhisi lolote kwa kuwa mtoto angali mdogo mno. Mwenye mimba ya kwanza huanza kuhisi mchezo wa mtoto karibu na wiki ya 18 hadi ya 20; aliyewahi kuzaa huhisi mapema kidogo. Anayesubiri mtoto acheze ndipo aende kliniki huwa amechelewa miezi miwili na zaidi.

Mama hupitia yapi

Mwili wa mama hubadilika kabla umbo lake halijabadilika. Homoni zinazoilinda mimba huongezeka kwa kasi, na hizo ndizo huleta kichefuchefu, kutapika, usingizi usiokwisha, matiti kuuma na haja ndogo ya mara kwa mara. Wengine hujaa mate kinywani au kuchukizwa na harufu waliyoizoea, kama ya vitunguu vinavyokaangwa. Hali hiyo huwa kali zaidi karibu na wiki ya tisa na aghalabu hupungua kati ya wiki ya 12 na ya 16.

Kula kidogo kidogo mara nyingi, kutafuna kitu kikavu kabla ya kutoka kitandani, na tangawizi huwapa wengi nafuu. Lakini anayetapika kila anachokula na kunywa, akapungua uzito na mkojo wake ukawa mchache na wa rangi iliyokolea, hana budi kwenda hospitalini apewe maji na dawa. Huo si udhaifu wala mchezo.

Baadhi ya waja wazito hutamani udongo au mawe laini yanayouzwa sokoni. Ulaji huo huhusishwa na upungufu wa damu, na udongo huweza kubeba mayai ya minyoo. Anayeona hamu hiyo afaa kumwambia muuguzi bila haya, kwani huenda ni dalili kwamba damu tayari imepungua.

Chakula, vidonge na vya kuepuka

Asidi ya foliki ndiyo husaidia mrija wa ubongo na uti wa mgongo kujifunga vyema. Maadamu mrija huo hujifunga kabla wengi hawajajua kwamba wana mimba, wataalamu hushauri mwanamke anayepanga kuzaa aanze kumeza mikrogramu 400 kila siku kabla ya kushika mimba. Ni kwa sababu hiyo pia Kenya iliamuru mwaka wa 2012 kwamba unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa viwandani uongezewe virutubishi, asidi hiyo ikiwemo. Unga wa posho ya mtaani hauna nyongeza hiyo. Mama anayeutegemea ana haja kubwa zaidi ya vidonge.

Kliniki za umma hutoa kidonge kimoja chenye madini ya chuma na asidi ya foliki, ambacho mja mzito humeza kila siku. Choo huweza kuwa cheusi; hilo halina madhara. Kinachoshauriwa ni kutokimeza pamoja na chai. Chai, hata ile nzuri ya Nyambene, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na ni heri inywewe saa moja au mbili baada ya chakula.

Vyakula vya kumjenga mtoto vimo mashambani: maharagwe, njahi, ndengu, mbaazi, terere, managu, uji wa wimbi, nduma, viazi vitamu, maziwa na mayai.

Kwa upande mwingine, pombe haina kiwango salama kwa mja mzito. Sigara humnyima mtoto hewa. Miraa, ambayo ni riziki ya familia nyingi za Tigania na Igembe, hupunguza hamu ya chakula, na kuitafuna wakati wa mimba kumehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Dawa za dukani na za miti shamba zisimezwe bila ushauri.

Dunia ilijifunza somo hilo kwa machungu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, dawa iitwayo thalidomidi iliuzwa katika nchi nyingi na waja wazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Ilipoanza kuondolewa madukani mnamo 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu mifupi, kwa sababu mama zao waliimeza katika zile wiki chache ambazo viungo huchipuka.

Kliniki ya kwanza

WHO ilipendekeza mwaka wa 2016 kwamba mja mzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara nane, badala ya mara nne za awali, na mara ya kwanza iwe kabla ya kumalizika kwa wiki ya 12. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu (KDHS) wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 98 ya akina mama nchini walipata huduma ya kliniki wakati wa mimba, lakini waliofika mara nne au zaidi walikuwa asilimia 66. Kwa ufupi, karibu kila mama hufika; tatizo ni lini na mara ngapi.

Siku hiyo ya kwanza mama hupewa kijitabu cha afya ya mama na mtoto, hupimwa shinikizo la damu, uzito, mkojo, kiwango cha damu na kundi lake, kaswende na virusi vya HIV. Kila kipimo kina maana yake. Mama mwenye HIV asiyetibiwa ana uwezekano wa asilimia 15 hadi 45 wa kumwambukiza mtoto. Akitibiwa, uwezekano huo hushuka chini ya asilimia tano. Kaswende hutibiwa kwa sindano ya penisilini, lakini ikiachwa huweza kumuua mtoto tumboni.

Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya hazina ya NHIF, iliyokuwa ikisimamia mpango wa Linda Mama. Mama ambaye hajajisajili afaa kufanya hivyo mapema badala ya kungoja uchungu uanze.

Siri, lawama na hatari

Katika jamii nyingi mama huficha mimba hadi miezi mitatu ipite, kwa kuchelea vijicho au aibu iwapo itaharibika. Siri hiyo ni haki yake, lakini haigombani na kliniki: muuguzi haruhusiwi kuitangaza. Wanaoficha kwa muda mrefu zaidi ni wasichana. KDHS ya 2022 ilipata kwamba asilimia 24 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 katika Kaunti ya Meru walikuwa wamewahi kushika mimba, ikilinganishwa na asilimia 15 nchini kote. Msichana anayekaripiwa nyumbani hatakwenda kliniki upesi.

Mimba zinazojulikana, kati ya 10 na 15 katika kila 100, huharibika, nyingi zikiwa katika wiki 12 za kwanza. Takriban nusu hutokana na kasoro ya kimaumbile iliyotokea yai lilipotungwa. Si mtungi wa maji aliobeba mama, si ugomvi na jirani, wala si kijicho. Mume na mama mkwe wakilijua hilo, watampunguzia mwanamke mzigo wa lawama juu ya ule wa msiba.

Hata hivyo, zipo dalili zisizongoja kesho: kutokwa na damu, maumivu makali ya tumbo hasa ya upande mmoja, kuzirai, homa, na kutapika kusikokoma. Maumivu ya upande mmoja na kizunguzungu huweza kumaanisha kwamba mimba imetungwa nje ya mfuko wa uzazi. Mrija ukipasuka, mama huvuja damu ndani kwa ndani na huweza kufariki kwa saa chache. Familia inayoishi mbali na barabara ya lami yafaa ijue mapema ni nani mwenye pikipiki atakayeamka usiku, na nauli imewekwa wapi.

Sensa ya 2019 ilikadiria kwamba Kenya hupoteza akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wakiwa hai. Hatua ya kwanza ya kuwaokoa haina gharama: kuandika tarehe ya hedhi kwenye kalenda ya ukutani, na ikikawia wiki moja, kwenda kupimwa. Wahenga hawakukosea waliposema chelewa chelewa utampata mwana si wako.