Saini ya Fundi wa Ndege

Ndege ikitua salama sifa humwendea rubani. Fundi aliyekesha akikagua injini hatajwi.

Juma hili nawakumbuka mafundi wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, karakana yake kuu ikiwa Embakasi, Nairobi. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, Watanzania na Waganda walirejea makwao na ujuzi wao, mafao yakibaki ahadi. Mwaka 1984 nchi tatu ziligawana mali na madeni. Kila moja ikabeba mafao ya raia wake. Hata hivyo, nchini Tanzania wastaafu wa Jumuiya waliendelea kudai hadi miaka ya 2000.

Nasema hivi: bila saini ya fundi, ndege hairuki. Tunaoikabidhi saini hiyo roho zetu tusione uzito kumlipa mwenyewe haki yake.